Mpaka na Vita vya Ndugu: Fundisho la Kaskazini ya Rwanda

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Mbulumbulu, mkoani Arusha.)



Mtu asimamaye kwenye ukingo wa Mbulumbulu huliona Bonde la Ufa limelala chini yake upande mmoja, na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro umesimama upande wa pili. Katikati ndipo yalipo mashamba ya ngano, mahindi na maharage. Katika karne ya 20 wakulima wa Kiiraqw walisogea kaskazini kutoka nyanda za Mbulu mpaka huku Karatu, kwenye nchi ambayo wafugaji wa Kimasai walikuwa wakilishia mifugo yao. Mwaka 1959 lilipoundwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, mpaka wa msitu nao ukapata nguvu mpya ya sheria.

Kwa hiyo mzee wa Mbulumbulu hahitaji kufundishwa mpaka ni nini. Anajua kwamba mpaka ni mstari uliochorwa katika ramani ya ofisini, na anajua pia kwamba mpaka ni watu wanaoishi pande zote mbili za mstari huo, wenye ng'ombe wasiojua kusoma ramani na wenye mvua isiyonyesha kwa kufuata amri. Mstari na watu wakipishana, ugomvi huzuka. Hapa nchini ugomvi wa namna hiyo kwa kawaida huishia katika baraza la kijiji, ofisi ya wilaya au mahakama. Lakini katika nchi za jirani ugomvi wa mpaka umewahi kuunganika na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na matokeo yake yamefika mpaka katika madarasa na zahanati za Tanzania.

Mada ya mazungumzo haya ni nafasi ya mikoa ya mpakani iliyogawanywa, wakati nchi moja inapopigana yenyewe kwa yenyewe. Mfano utakaochunguzwa zaidi ni kaskazini ya Rwanda na kusini ya Uganda kati ya mwaka 1990 na 1994. Mfano huo unamhusu mwananchi wa mkoa huu kwa sababu iliyo wazi: mapatano ya vita hivyo yalifanyiwa Arusha, na baadaye mahakama ya kimataifa ya kuwahukumu waliohusika na mauaji ya kimbari ilikaa Arusha hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015.

Mstari wa mwaka 1910

Mnamo Mei 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walipatana mjini Brussels kuhusu nchi iliyo kati ya Ziwa Kivu na milima ya Virunga. Kila mmoja alitaka sehemu yake. Kisiwa cha Ijwi kikaangukia upande wa Wabelgiji. Nchi ya Bufumbira, ambayo watu wake walisema na wanasema Kinyarwanda, ikaangukia upande wa Waingereza na kuwa sehemu ya Uganda. Wakiga nao wakajikuta wengine wako Kigezi chini ya Mwingereza na wengine wako Rwanda chini ya Mjerumani. Hakuna mwananchi hata mmoja wa huko aliyeulizwa.

Yafaa ieleweke kwamba mgawanyo peke yake haukuleta vita. Kwa miaka mingi watu waliendelea kuoana, kuuziana ng'ombe na kuvuka kwenda kutafuta kazi. Mpaka uliogawanya watu ni kama kuni kavu: waweza kukaa kando ya nyumba muda mrefu bila madhara yoyote. Hatari huanza pale watawala wanapouwasha.

Uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1959, yalipoanza machafuko ya Rwanda, na Watutsi kwa maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Mnamo Desemba 1963 baadhi ya wakimbizi hao walijaribu kurudi kwa silaha kutoka Burundi. Walishindwa upesi, na ndani ya Rwanda Watutsi kwa maelfu wakauawa kwa kulipiziwa kisasi. Wakimbizi wa mwaka 1963 walikuwa na hasira na walikuwa na mpaka, lakini hawakuwa na jeshi lililofunzwa, wala hawakuwa na nchi nyuma yao ya kuwalisha na kuwahifadhi. Mpaka usio na mgongo nyuma yake haumfikishi mpiganaji mbali.

Jinsi jeshi lilivyozaliwa

Jeshi hilo lilizaliwa Uganda, na waliolizaa bila kukusudia ni wale waliotaka Wanyarwanda waondoke. Mnamo Oktoba 1982, katika sehemu za Mbarara na jirani zake, viongozi wa mahali hapo pamoja na vijana wa chama kilichotawala waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda katika makazi yao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Katika kundi hilo walikuwamo wakimbizi, lakini walikuwamo pia raia halali wa Uganda ambao kosa lao lilikuwa lugha yao. Makumi ya maelfu walikimbilia mpakani. Rwanda, ambayo serikali yake ilishikilia kwamba nchi imejaa, iliufunga mpaka. Na baadhi ya watu wakabaki kati ya nchi mbili, kila moja ikiwaambia waende kwa mwenzake.

Kijana aliyefukuzwa namna hiyo ataelekea wapi? Wakati huo huo Yoweri Museveni alikuwa msituni akipigana na serikali ya Obote. Miongoni mwa waliokuwa naye tangu shambulio la kwanza la Kabamba, Februari 1981, walikuwamo Fred Rwigema na Paul Kagame, watoto wa wakimbizi. Baada ya mwaka 1982 vijana wa Kinyarwanda wengi zaidi waliingia katika jeshi hilo. Jeshi liliposhika Kampala mnamo Januari 1986, walikuwa wamekwisha kuwa askari na makamanda wazoefu, na Rwigema baadaye alishika wadhifa wa Naibu Waziri wa Ulinzi.

Hata hivyo ushindi haukuwapa nyumba. Mwaka 1990, ulipozuka ugomvi wa mashamba ya mifugo huko Uganda, ilidhihirika tena kwamba Mnyarwanda aliyemwaga damu yake kwa nchi hiyo angali akihesabiwa mgeni linapofika suala la ardhi. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF walivuka mpaka huko Kagitumba wakiwa na silaha walizotoka nazo katika jeshi la Uganda.

Kazi nne za eneo la mpakani

Vita vilivyofuata vinaonyesha waziwazi kazi ambazo eneo la mpakani lililogawanywa hufanya katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kazi ya kwanza ni kuwa lango na kimbilio. Shambulio la Oktoba 1990 lilipita katika mbuga za Mutara, nchi tambarare isiyo na pa kujificha. Rwigema aliuawa siku ya pili ya vita, na kabla ya mwezi kwisha wapiganaji wake walikuwa wamerudishwa nyuma na jeshi la Rwanda, lililopata msaada kutoka Ufaransa na Zaire. Kama pasingekuwa na mpaka wa kurudia, vita vingekwisha pale. Lakini mabaki ya jeshi yalijikusanya upya, Kagame akashika uongozi, na wapiganaji wakahamia katika milima ya Virunga, mahali zinapokutana nchi tatu. Tarehe 23 Januari 1991 waliteremka ghafla, wakauingia mji wa Ruhengeri, wakafungua gereza, kisha wakaondoka. Jeshi lililotangazwa kuwa limekwisha likawa limerudi.

Kazi ya pili ni kuwa njia ya vitu. Rwanda haina bandari. Vita vilipoifunga njia ya Gatuna, barabara itokayo Mombasa kupitia Kampala na Kabale haikuwa na faida tena kwa Kigali, na mizigo mingi ikalazimika kupita Tanzania na kuvuka daraja la Rusumo. Hivyo wapiganaji waliokuwa wameshika vilima vichache tu vya mpakani waliweza kupandisha gharama ya maisha ya nchi nzima. Walipoishika Mulindi mwaka 1992 na kuyafanya majengo ya kiwanda chake cha chai kuwa makao yao makuu, waliiondolea serikali sehemu ya mapato yake ya nje. Mtu asiyejua mambo ya vita hudhani kwamba nchi hushindwa mji mkuu unapotekwa. Mara nyingi mji mkuu huanza kushindwa pale barabara ya mpakani inapofungwa.

Kazi ya tatu ni kuwa mizani ya mazungumzo. RPF haikuwa na sehemu kubwa ya nchi, lakini ilikuwa na sehemu ambayo haikuweza kuondolewa. Kwa ajili hiyo serikali ya Kigali ilikubali kukaa nayo mezani. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi Arusha mnamo Julai 1992. Baada ya mapigano makali ya Februari 1993, eneo la kaskazini lililokuwa limetekwa likafanywa eneo lisilo na majeshi. Mnamo Juni 1993 Umoja wa Mataifa ulianzisha kikosi cha waangalizi, makao yake yakiwa Kabale upande wa Uganda, ili kuhakikisha kwamba msaada wa kijeshi hauvuki kuingia Rwanda. Tarehe 4 Agosti 1993 mapatano kamili ya amani yalitiwa sahihi Arusha.

Kazi ya nne ndiyo isiyotajwa sana na wataalamu wa vita, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: eneo la mpakani ni mahali ambapo watu hulazimishwa kuchagua upande. Wakulima wa Byumba na Ruhengeri, ambao wengi wao walikuwa Wahutu, hawakuwaona wapiganaji kuwa wakombozi. Walihama kwa wingi kuelekea kusini. Baada ya Februari 1993 waliokimbia makwao walikadiriwa kuwa zaidi ya laki nane, wengi wakiishi katika vibanda karibu na Kigali yenyewe. Watu hao walikuwa na njaa na hofu, na waliokuwa wakiandaa mauaji wakapata miongoni mwao vijana wa kuwachochea. Upande mwingine, Watutsi waliobaki ndani ya nchi, ambao hawakuvuka mpaka wowote wala kushika bunduki yoyote, walihesabiwa kuwa mkono wa adui aliyeko mpakani. Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na katika muda wa siku mia moja hivi watu zaidi ya laki nane waliuawa. Waliouawa walikuwa walimu, wanafunzi, wakulima na watoto wachanga. Na waliouawa pamoja nao ni Wahutu waliokataa kushiriki.

Hapana budi jambo moja lisemwe bila kuzungusha maneno. Vita vya mpakani havikuwa sababu ya mauaji hayo wala havimpi udhuru aliyeyatenda. Mauaji yalipangwa na watu waliokuwa na madaraka, silaha na redio. Lakini vita vya mpakani viliwapa watu hao kisingizio walichokihitaji: kila jirani aliyefanana na yule wa ng'ambo aliweza kuitwa msaliti.

Upande wa Tanzania

Ndugu walimu na watumishi, hapa yafaa kuuliza swali. Wakimbizi wa mwaka 1959 na miaka iliyofuata walifika Uganda, na walifika pia Tanganyika. Kwa nini vita vya mwaka 1990 havikuanzia Karagwe au Ngara?

Sababu ni zaidi ya moja, na mtu asijidanganye kwamba ni wema peke yake. Lakini sababu mojawapo haiwezi kupuuzwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakimbizi wa Rwanda walipewa ardhi ya kulima, kama huko Mwese katika wilaya ya Mpanda, na mwaka 1980 zaidi ya elfu thelathini miongoni mwao walipewa uraia wa Tanzania. Mtu mwenye jembe, shamba na cheti cha uraia ana jambo la kupoteza. Aliyenyang'anywa vyote vitatu hana la kupoteza ila maisha yake, na huyo ndiye askari ambaye kila kiongozi wa vita humtafuta.

Hata hivyo historia ya Tanzania nayo ina mafunzo machungu. Mnamo Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Uganda kutoka Tanzania ili kumwondoa Amin. Walishindwa, na mwezi uliofuata yakafanywa mapatano ya Mogadishu yaliyotaka majeshi ya nchi zote mbili yakae mbali na mpaka. Oktoba 1978 jeshi la Amin likaivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, eneo lililo Tanzania kwa sababu tu mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliufuata mstari wa latitudo badala ya kuufuata mto. Wananchi wa Kagera walilipa kwa damu na mali. Nchi inayompa hifadhi mpiganaji hukaribisha vita vyake pamoja naye.

Kisha likaja lile la Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, tarehe 28 na 29, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji kabla ya mtu yeyote kuupanga. Waliovuka walikuwa wananchi waliokimbia vita, na katikati yao walikuwamo viongozi na vijana waliotoka kuua. Julai mwaka huo huo karibu watu milioni moja walivuka kwenda Goma, upande wa Zaire, na huko jeshi lililoshindwa liliingia pamoja nao likiwa na uongozi wake na sehemu ya silaha zake. Kambi zilikuwa karibu mno na mpaka. Mashambulio yakaendelea, na mwaka 1996 vita vikaingia Zaire yenyewe, vikamwangusha Mobutu mnamo Mei 1997 na kufungua maafa ya Kongo ya mashariki ambayo yameendelea kwa miaka mingi. Mpaka ule ule wa Kivu uliochorwa Brussels ukawa tena ndio uwanja.

Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda waondoke kabla ya mwaka 1996 kwisha. Wako waliosema ni haki kwa kuwa Ngara ilikuwa imeelemewa, misitu imekatwa na usalama umepungua. Wako waliosema ni haraka mno, na kwamba wenye hofu ya kweli walisukumwa pamoja na wenye hatia. Hoja zote mbili zina uzito. Ugumu uliopo ni kwamba mkimbizi na mpiganaji hufika kwenye daraja moja, saa moja, wakiwa na vumbi moja. Kazi ya kuwatenganisha ilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Kazi hiyo isipofanywa mapema, baadaye huadhibiwa wote au husamehewa wote, na yote mawili ni dhuluma.

Wajibu wa walimu na watumishi

Kutokana na hayo, fundisho kuu ni hili. Umuhimu wa eneo la mpakani katika vita hauko katika vilima na mito peke yake. Virunga ilikuwapo mwaka 1963 kama ilivyokuwapo mwaka 1991. Kilichobadilika ni watu: namna walivyotendewa, walichonyimwa, na waliyemwona kuwa mlinzi wao. Serikali inayowafanya watu wake wa mpakani kuwa wageni katika nchi yao humjengea adui ngome bila ya adui kutoa hata senti moja.

Fundisho hilo halikupitwa na wakati. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto Ruvuma. Tangu vita vilipoanza Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2017, wananchi wa Mtwara wamejua kwamba mto haukizuii kilio. Na mnamo Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilichoko upande wa Tanzania kilishambuliwa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Je, haya yanamhusuje mwalimu wa Mbulumbulu, ambako hakuna mpaka wa kimataifa? Yanamhusu kwa sababu walimu na watumishi huhamishwa, na aliyeko Karatu leo aweza kuwa Ngara, Kibondo au Nanyumbu kesho. Mamlaka yatakayowafikia kwanza watu wa mpakani hayatakuwa jeshi wala balozi. Yatakuwa ni mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, afisa mtendaji mwenye rejesta ya kijiji, na mganga mwenye kitabu cha wagonjwa. Mtoto akija darasani na lafudhi ya ng'ambo, jina lake litaandikwa au halitaandikwa. Mzee akija ofisini kuthibitisha kwamba amezaliwa hapa, atasikilizwa au ataambiwa arudi kwao. Huko Mbarara mwaka 1982 mambo yalianza hivyo: viongozi wadogo wa mahali pale waliamua nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji kwa kusikiliza lugha yake tu.

Lakini yanamhusu pia akiwa hapa hapa. Mfugaji anayeteremka ukingo kutafuta maji, mkulima anayelima karibu na msitu, na mhifadhi anayelinda msitu huo, kila mmoja ana haki yake na kila mmoja ana mpaka wake. Wakikuta ofisi inayosikiliza, inayoandika ukweli na isiyouliza kabila kabla ya kuuliza shida, wataendelea kugombana kwa maneno, na kugombana kwa maneno ni sehemu ya maisha ya watu huru. Wakikuta ofisi iliyokwisha kuamua kabla hawajafungua midomo, basi siku moja watatafuta msikilizaji mwingine.

Amani ya mpakani hujengwa miaka mingi kabla ya vita, na hujengwa kwa wino. Wajumbe wa Brussels waliutumia wino wao vibaya mwaka 1910, na wajukuu wa watu wasioulizwa wakalipa. Wino ulioko mezani kwa mwalimu na mtumishi wa leo ni kidogo kuliko ule, lakini hutumika kila siku. Hapana budi utumike kwa haki.